Njia ya Kupitia kwa Maman Adélaïde

Sœur Micheline alipiga simu tena kabla Emérence hajakalia kiti chake katika kampuni ya internet. Alianza bila salamu, na kwa sista mwenye adabu kama yule, kukosa salamu kulitosha kueleza hali ya Bagira asubuhi ile.

"Emérence, mwana, rezo iko. Niko naiona. Lakini haiko napitisha kitu."

Emérence alimwomba avumilie kidogo, neno alilolirudia tangu juzi hadi likamchosha mdomoni. Kule Bagira, kituo cha afya cha masista hutumia rezo hiyo, mtandao wa kampuni, kutuma picha na majibu ya labo kwa daktari aliye Ibanda, naye huwaambia la kufanya: huyu mama mjamzito abaki, yule ateremshwe haraka hospitali. Sasa picha zilikuwa zikifika nusu, au hazifiki kabisa, na masista walikuwa wameanza kuzituma kwa mkono wa motari, mwendesha pikipiki, ndani ya bahasha, kama zamani.

Alitazama skrini. Kila kituo cha antena zao kilikuwa kijani, ndiyo kusema kizima. Nyawera, hapa ofisini: kijani. Mlima wa Cahi: kijani. Muhumba: kijani. Bagira yenyewe: kijani. Rangi ile ilimkera kuliko nyekundu yoyote. Nyekundu angalau ingemwonyesha mahali pa kwenda kugombana.

Jana Papa Grégoire, mwenye kampuni, alikuwa amesema neno lake mbele ya wote, taratibu, huku akifunga vifungo vya koti. Kama kesho yake akitoka kula chakula cha mchana atakuta Bagira bado inalia, Guylain ataondoa ule utaratibu wa ruta, yale masanduku yanayoelekeza mizigo ya internet, kujichorea ramani, na watarudi kuandika njia kwa mkono ndani ya kila ruta, kama walivyofanya miaka yote. Na Emérence atarudi guichet, kuwauzia wanafunzi tiketi za internet. Hakupaza sauti wakati wa kusema. Ndiyo maana Emérence alijua kwamba anamaanisha.

Guichet aliijua vizuri. Alikalia kiti kile na mimba yake, miguu imevimba, na kila jioni akatoka pale kwenda masomo ya usiku, ambako alisinzia juu ya meza huku mwalimu akichora miviringo na mistari ubaoni. Ornella alizaliwa katikati ya mitihani. Siku alipopewa meza ya ufundi, hata kama ni meza yenye mguu mmoja mfupi, alimbeba mtoto mgongoni akaja kumwonyesha. Sasa mtoto alikuwa kwa dada yake Fanny, akinyweshwa uji, na maziwa yalikuwa yameanza kumjaa kifuani saa ambayo hakuwa na pa kuyapeleka.

Ramani ile ilikuwa yake. Ni yeye aliyemshawishi Papa Grégoire mwanzoni mwa msimu wa mvua, na alimshawishi kwa mfano wa avenue yao, barabara ya mtaani kwao, maana maneno ya kitabu yalimfanya papa atazame saa. Kwao, alimwambia, mvua ikibomoa vijia, habari huja kwa namna mbili. Ya kwanza ni radio trottoir: mtu kasikia kwa jirani, jirani kasikia kwa shemeji, na kufikia kwako, kijia kilichopasuka kidogo kimekwisha kumeza lori zima. Ya pili ni kila parseli, kila kiwanja chenye nyumba yake, kusema habari za kijia kinachopita mbele ya mlango wake tu, kile inachokiona kwa macho yake. Wengine wanaipokea habari ile na kuipitisha vile vile, bila kutia chumvi, mpaka ifike parseli ya mwisho. Kila habari inabeba jina la aliyeisema na namba ya kuonyesha ni ya zamani au mpya, ili ya juzi isije ikafuta ya leo. Hapo kila nyumba inakuwa na ramani ileile ya mtaa mzima. Kisha kila nyumba inakaa peke yake na kupiga hesabu: mimi, kutoka hapa kwangu, njia nyepesi ya kufika sokoni ni ipi? Kijia kikibomoka, mwenye mlango ule anatangaza, wote wanachora upya, watu wanazungukia kwingine.

Ruta nazo ni hivyo hivyo, alisema. Kila mara zinawapa majirani zao jambo, salamu fupi ya kusema nipo. Jambo likikosekana kwa muda, mlango unahesabiwa umefungwa. Na kila mlango una uzito tulioupa sisi: njia pana, yenye nguvu, uzito mdogo; njia mbovu, uzito mkubwa. Papa Grégoire alifikiri, akauliza kama watu wa avenue yao kweli wanasema ukweli juu ya milango yao. Emérence alicheka, akasema ruta si watu.

Na ilifanya kazi. Courant ya umeme ilikatika Cahi, Bagira ikazungukia upande wa ziwa, kupitia Muhumba, bila mtu kushtuka. Papa Grégoire aliwasimulia watu jambo lile baada ya misa, kana kwamba yeye ndiye aliyelala juu ya meza za masomo ya usiku. Kisha ikaja wiki hii.

Asubuhi ile alianza na yale aliyofundishwa. Ruta mbili zisipopatana juu ya kipimo cha muda wa kupeana jambo, haziwi majirani; alikagua, zilipatana. Nywila zililingana. Ramani aliyoikuta Nyawera ndiyo ileile aliyoikuta Cahi, mstari kwa mstari. Akaizima ruta ya Cahi na kuiwasha, labda ilikuwa na kichwa kigumu. Ruta zote zikaanza kuchora upya, rezo ya mji ikasita, na simu tatu zikalia kwa pamoja.

Guylain, fundi mwenzake, alikuwa kwenye dirisha akimenya karanga. Kwa kawaida angekuwa amekwisha kuja kuinamia skrini na kumwonyesha kwamba yeye anajua zaidi. Leo alikaa mbali kama mtu mwenye mafua.

"Ramani yako iko kama photo ya ndoa, maman Ornella," alisema. "Bote banacheka."

Emérence aliendelea kugonga vitufe. Alikuwa akituma vifurushi vyake vya majaribio kwenda Bagira, na vilikuwa vikirudi vyote, vyepesi, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikirudi ilikuwa kama kumwambia kwamba sista ni mwongo. Kwa hasira tu, si kwa akili, akatuma kikubwa, kizito kama picha za Sœur Micheline. Hakikurudi. Akatuma kingine. Hakikurudi. Cha tatu kilirudi kimechelewa, kama mlevi. Akafuata nyayo za vifurushi hatua kwa hatua. Nyawera, sawa. Muhumba, sawa. Kutoka Muhumba, juu ya maji ya ziwa kwenda Bagira, hapo ndipo vilipokuwa vinapotelea.

Basi hapo akaelewa kwa nini kila kitu ni kijani. Jambo ni neno dogo, linapenya popote. Mlango wa Muhumba ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha salamu, lakini si mzigo. Na kwa kuwa salamu zilikuwa zikifika, Muhumba iliendelea kutangaza kwa wote kwamba kwangu ni salama, karibuni.

Lakini kwa nini mizigo ilipita Muhumba hata kidogo? Antena ya Muhumba ilikuwa ya kwanza ya kampuni, kuukuu, na yeye mwenyewe aliipa uzito mkubwa ili isitumike ila Cahi ikianguka. Alifungua ramani na kutafuta mstari ule. Uzito wa Muhumba kwenda Bagira: moja. Na wa Bagira kuja Muhumba: moja. Hakuna namba nyepesi kuliko hiyo. Nyawera, Cahi, wote walikuwa wamepiga hesabu yao bila kosa na kuona kwamba njia tamu kuliko zote duniani ni ile ya kupitia Muhumba.

Aligeuza kiti. "Guylain. Nani aliandika moja?"

Karanga zilisimama njiani. Guylain alianza mbali, kwa joto la sanduku la ruta na umri wa antena, lakini Emérence hakugeuza macho, na mwishowe habari ikatoka. Muhumba ni nyumbani kwa Maman Adélaïde, mama mzazi wa Papa Grégoire. Marehemu mumewe ndiye aliyeweka sanduku lile sebuleni na antena juu ya bati, mwanzoni kabisa, na jioni mama hukaa akitazama vitaa vyake vikicheza. Tangu Emérence alete ramani yake, mizigo ilihamia Cahi na vitaa vikapoa. Mama akaanza kumpigia Guylain simu. Wamemtupa. Kampuni ilizaliwa sebuleni mwake, sasa inapita mbali naye kama mtu anayekwepa kumsalimia bibi yake. Alipiga asubuhi, alipiga mchana, alipiga Guylain akiwa juu ya ngazi. Basi Guylain akaenda Muhumba, akaandika moja pande zote mbili, vitaa vikacheza, mama akamfungia keki ndani ya karatasi.

"Weye ungefanya nini?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa.

Emérence alitaka kupiga meza, lakini ule mguu mfupi ungemwaibisha. Kuirudisha namba kutoka ofisini hakukuwezekana. Sanduku la Muhumba lilikubali kuguswa kwa waya tu, pale pale sebuleni. Ilikuwa amri ya nyumba ile tangu siku za marehemu, na Papa Grégoire hakuthubutu kuibadilisha: anayetaka kuligusa aje, asalimie, aombe. Akachukua kompyuta na waya, akashuka barabarani kutafuta motari.

Maman Adélaïde alimpokea kwa furaha ambayo ilikuwa adhabu. Alimketisha. Aliuliza habari za mtoto, za Fanny, za mama yao aliyebaki Kamituga, kama barabara ya kule bado ni matope matupu. Emérence alijibu na kushukuru, akajibu na kushukuru, huku simu ikitetemeka mfukoni. Chai ikaja. Huwezi kukataa chai ya mama wa patron wako. Aliinywa ikimwunguza. Kisha mama akamtazama kifuani, mahali blauzi ilipoanza kulowa.

"Maziwa inakumwangika, mwana. Banakufanyisha kazi namna gani?"

Kwa upole ule Emérence karibu alie. Aliomba ruhusa ya kupanda juu kutazama antena. Mama alimruhusu, lakini akasema avue viatu, bati lisibonyee.

Juu pale hapakuhitajika kompyuta. Antena ilikuwa imesimama wima, imefungwa vizuri, imeelekea Bagira ng'ambo ya ghuba kama ilivyowekwa. Na kati yake na maji, katika parseli ya jirani, palikuwa na étage mpya, nyumba ya ghorofa. Ghorofa ya chini ilikuwa imekauka na kupakwa rangi. Ya juu ilikuwa ya wiki hii, saruji yake bado nyeusi kwa unyevu, na miti ya kuishikilia na vyuma vimesimama vikitazamana na antena uso kwa uso. Fundi mmoja wa ujenzi alimpungia mkono. Emérence alimpungia pia, maana angefanya nini? Moja ya Guylain ilikuwa bongo, uongo mtupu, tangu mwanzo, ila bongo isiyo na hasara, mpaka jirani alipomwaga saruji.

Aliposhuka, alimkuta Papa Grégoire mezani. Hakuwa amefikiri kwamba papa hula mchana kwa mama yake. Fufu ilikuwa imefunikwa, sambaza, samaki wadogo wa ziwa, zinanukia, na papa alikuwa akinawa mikono juu ya besheni. Alimtazama Emérence miguu peku sebuleni kwa mama yake, akauliza kwa utulivu uleule kama Bagira imepona.

"Bado, papa. Lakini nimeona shida. Iko hapa."

"Tunakula kwanza," alisema. "Mambo ya kazi tutaiongea ku bureau."

"Ku bureau, papa, ulisema ukitoka kula unanirudisha ku guichet. Sasa niongee wapi?"

Mama aliweka kijiko chini. Katika nyumba ile, mtu hamjibu Grégoire mbele ya mama yake, na Emérence alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Kwa hiyo alisema haraka, kabla ujuzi huo haujamfunga mdomo: étage ya jirani, njia ya ziwa iliyozibwa, namba moja, na picha za wagonjwa zinazoingia Muhumba bila kutoka. Sababu ya ile moja hakuisema. Papa aliisoma mwenyewe usoni mwa mama yake, aliyegeuka kutazama vitaa.

"Unataka kusema nyumba ya mama yangu njo inaharibisha kazi?"

"Nyumba haina makosa, papa. Ruta ya hapa inasemaka ile tuliiambia iseme. Ruta benziye banaiamini, juu hakuna mwenye kuja kuangalia mulango wa mwingine. Njo namna inatumikaka. Shiye tuliiambia iseme bongo."

Neno bongo lilibaki juu ya meza pamoja na fufu. Juu ya sanduku, marehemu aliwatazama wote kutoka kwenye picha yake.

Mama ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, bongo gani. Emérence alimweleza kadiri alivyoweza: vitaa vilicheza kweli, mama, mizigo ilikuja kweli, lakini tangu wiki hii inafika hapa na kupotelea hapa. Maman Adélaïde alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kwa hiyo tatizo ni étage, na kwamba Grégoire aende kwa jirani amwambie aibomoe.

Papa Grégoire alijifuta mikono, kidole kwa kidole. Alisema kesho atatafuta namna. Mambo kama haya hayafanywi kwa kumkurupusha mama mtu wakati wa chakula. Kesho. Au keshokutwa.

Simu ikatetemeka tena na safari hii Emérence akaipokea. Sœur Micheline hakulalamika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa na mama aliyefika akivuja damu. Picha ya echo, ya ndani ya tumbo, imekwisha kutumwa mara nne. Daktari anangoja upande wa pili haoni kitu. Motari wa bahasha hajarudi. Emérence alisema ndiyo, sista. Alimtazama papa. Papa alikuwa akifunua fufu.

Kitu kikachoka ndani yake, si cha hasira, ni kile kinachomfanya mtu avumilie. Alipiga magoti mbele ya sanduku, akamwambia Maman Adélaïde, kwa heshima yote, kwamba amekuja, amesalimia, na sasa anaomba. Mama aliendelea kutazama vitaa. Emérence akachomeka waya.

Alifuta moja na kuandika uzito unaostahili njia iliyokufa. Muhumba ikautangaza kwa majirani, majirani wakaupitisha, na kutoka Nyawera mizigo ikaanza kuiendea Cahi. Hiyo ilikuwa nusu. Bagira nayo ilikuwa bado inasema moja juu ya mlango wake, ikirudisha majibu yake juu ya maji, na ilimbidi aiingie kwa mbali, herufi zikichelewa, kila moja ikitambaa, huku akiibembeleza kwa sauti ya chini kama anavyombembeleza Ornella akikataa kulala. Mwishowe ikakubali. Vitaa vya sanduku vilipungua, vikapungua, vikawa vya kupepesa mara moja moja.

"Na kama nakuamuru urudishe?" aliuliza Papa Grégoire nyuma yake.

Emérence alisimama. Magoti yalikuwa na vumbi, blauzi imelowa pande zote mbili, na hakuwa na nguvu ya kuogopa vizuri.

"Basi urudishe weye mwenyewe, papa. Kompyuta iko wazi. Mi, kidole yangu haitaandika tena ile moja."

Papa aliitazama kompyuta pale chini. Alimtazama mama yake, ambaye kwa mara ya kwanza hakumsaidia. Wote watatu walikuwa bado hivyo simu ilipolia.

"Imepita," alisema Sœur Micheline. "Yote. Daktari amejibu tumushushe sasa hivi. Tunamuingiza mu gari." Na akakata, bila kuaga, maana hakukuwa na nafasi ya adabu.

Emérence alilirudia neno lile kwa walio mezani, kama lilivyo. Papa Grégoire aliifunika tena fufu. Kisha akatoa simu yake na kumpigia Guylain. Hakugombana naye. Alimwambia aiache ramani kama ilivyo, na tangu leo mtu asiandike uzito wa njia bila kwenda kuipima, hata yeye Grégoire asikubaliwe. Na kwa kiti cha guichet atafute mtu mwingine. Alisema hayo huku akitazama sambaza, na ndiyo yalikuwa yote; asante haikuwemo, na Emérence aliyekuwa akiingoja aliona aibu ya kuingoja.

Alianza kukunja waya. Fanny alikuwa amekwisha kuandika mara mbili kwamba mtoto ametema uji.

"Na miye?" aliuliza Maman Adélaïde. "Sasa nani atapita kwangu?"

Emérence aliweka waya chini. Alimweleza, tena, kwamba hajatupwa. Watainua antena kwa mlingoti mrefu, ipite juu ya étage ya jirani. Nyumba yake itakuwa njia ya akiba, na siku Cahi itakapoanguka, Bagira yote, masista, wagonjwa, wanafunzi, wote watapita hapa sebuleni.

Mama alilitafakari jambo hilo kwa makini, mkono juu ya sanduku.

"Basi Cahi ianguke," alisema.

Papa Grégoire alikohoa ndani ya glasi yake ya maji. Emérence alichukua viatu vyake mkononi, akaomba njia, akatoka nje kuvivalia kwenye ngazi, kabla hajaombwa kuketi na kula.